Mji Wenye Koma Katikati

Nyumbani kwetu Butembo siasa imepoa. Siku hizi tunagombania mfumo wa kompyuta. Binti yangu yuko sekondari, mwalimu anataka kazi zilizochapwa, na kila ndugu amejiteua mtaalamu. Shemeji anayefuata mali Kampala ni mtu wa Windows. Mpwa wangu anayesomea mambo ya kompyuta ni mtu wa Linux, na anaihubiri kama mchungaji aliyeona sadaka imepungua. Mama watoto ana chama chake: "Leteni chochote, mradi kisile mafuta ya jenereta."

Kampala ikashinda kwanza. Mashine kuukuu ikavuka mpaka wa Kasindi, ikafika na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ikaikataa, maana haina ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Isitoshe, betri ndogo inayotunza saa ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamini tuko mwaka 2009, binti hajazaliwa, na tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama, kwa tarehe hiyo, bado havijatolewa. Ni mashine ya shule isiyomtambua mwanafunzi.

"Mjomba, kuna Linux iitwayo Ubuntu, nayo ni bure," mpwa akasema. "Na aliyeianzisha, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini."

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Neno "bure" tunalitilia shaka kwanza, kisha tunalikimbilia.

Mpwa akaiweka Ubuntu, akapanga kila kitu kwa Kifaransa kama shule inavyotaka, hadi kibodi. Ila mashine za Uganda zina kibodi ya Kiingereza, QWERTY. Kwenye AZERTY ya Kifaransa, A na Q hubadilishana viti, Z na W vivyo hivyo, na M huhamia ubavuni mwa L. Binti akabonyeza herufi kama macho yake yanavyoziona, na kwenye skrini mji wetu ukawa "Bute,bo". Kiswahili kikawa "Kiszqhili". Alipoandika "Mama", ikatoka "?q,q". Mama mwenyewe alipoona anaanza na alama ya kuuliza, alitaka kujua swali ni lipi na nani kaliuliza.

Hilo likarekebishwa. Kazi ya jiografia ikakamilika, jedwali zuri la Mto Semliki, tukaipeleka kuchapwa kwenye sekretaria ya mtaani. Kijana wa pale akaifungua kwa Word, si kwa programu ya Ubuntu tuliyoandikia. Ziwa Edward likabaki ukurasa wa kwanza, Ziwa Albert likahamia wa pili, na mto wenyewe ukapotea njiani.

"Papa," akaniambia bila kuinua macho, "mtaa huu mzima ni Word."

Basi shemeji, mpwa na chipu ya usalama wamebishana bure: mfumo wa mtoto huchaguliwa na mwenye printa. Mpwa hakukubali kushindwa. Ameweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Ikiwaka, inatoa orodha na kutupa sekunde 10 za kuchagua. Sekunde 10, katika nyumba ambayo tangu Pasaka haijakubaliana redio ikae chumba gani!