Sifa za Kifundo Kilichovimba

Macho yameimbiwa hadi yamechoka kusifiwa, moyo umekabidhiwa mapenzi yote ya dunia, na hata kiuno hakikosi watunzi wake. Kifundo cha mguu hakijatungiwa hata ubeti mmoja. Hukumbukwa siku moja tu, pale kinapoamka kimeumuka kama andazi, kina joto, ngozi inang'aa, na kiatu cha jana hakikitaki tena. Hapo hukandwa, huchuliwa kwa nguvu, hufungwa kitambaa na kulaaniwa kana kwamba kimekosa adabu. Makala haya yanasimama upande wa mshitakiwa. Hoja yake ni moja: kifundo kilichovimba ndicho tarishi mwaminifu kuliko watumishi wote wa mwili, na Waswahili walishaamua zamani kwamba mjumbe hauawi. Wala utetezi wa aina hii si uzushi. Mwaka 1522 Willibald Pirckheimer, msomi wa Nuremberg aliyeteswa na jongo, alichapisha kijitabu ambamo jongo lenyewe linasimama mbele ya mahakimu na kujisifu. Ikiwa jongo liliruhusiwa kujitetea kwa Kilatini, kifundo hakiwezi kunyimwa wakili kwa Kiswahili.

Ushahidi wa kwanza ni mahali kinapokaa. Maji hufuata mteremko, na kwa mtu anayeshinda amesimama au ameketi, mteremko huo huishia miguuni. Moyo ukichoka kusukuma damu, shinikizo hurudi nyuma kwenye vena na maji huchuruzika nje ya mishipa midogo. Figo zikivujisha protini kwenye mkojo, au ini likishindwa kuitengeneza, damu hukosa kitu cha kuyashikilia maji hayo ndani. Moyo, figo na ini ni wakubwa wa mwili, na wana tabia za wakubwa: hufunga milango na kutangaza kwamba kazi inaendelea vizuri. Figo hasa huweza kuharibika sana bila kutoa mlio wowote. Hesabu za ofisi zinapofichwa namna hiyo, anayekutwa na karatasi mkononi ni tarishi wa mlango wa chini. Daktari akikibonyeza kifundo hicho kwa kidole, shimo hubaki pale pale kwa muda, mfano wa mtu aliyetia dole gumba kwenye hati. Ni mashahidi wangapi wanaotia sahihi papo hapo, bila kuapishwa na bila kulipwa nauli?

Ushahidi wa pili umo katika historia yetu wenyewe. Mwaka 1952 homa kali ilizuka kwenye nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walivimba na kuumwa vifundo vya miguu, viwiko na vidole hata wakatembea wamejikunja, na jina walilotumia wenyeji kwa kujikunja huko, chikungunya, ndilo linaloandikwa leo katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Virusi vyake huenezwa na mbu. Mwaka 2004 vilizuka Lamu, vikashuka Mombasa, na mwaka uliofuata vikavuka hadi Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Homa yenyewe huondoka baada ya siku chache. Maungio ndiyo hubaki na kumbukumbu, kwa baadhi ya watu kwa miezi mingi. Basi moyo na mapenzi yake yote haujawahi kuipa sayansi neno la Kimakonde. Maungio yaliyovimba yameweza.

Kifundo pia ni mtunza daftari asiyehongwa. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu huunda fuwele zenye ncha kama sindano, na fuwele hizo hupenda maungio ya miguuni, kwenye ubaridi kuliko kifuani. Mara nyingi hodi ya kwanza ya jongo hupigwa kwenye kidole gumba cha mguu, kisha kifundo hupata zamu yake, usiku wa manane, kwa moto usiovumilia hata uzito wa shuka. Maini, nyama choma na bia za jioni vyote vimeingizwa daftarini. Kwa haki, daftari hilo lina pia kurasa ambazo mlaji hakuziandika: urithi wa ukoo, na figo zinazoshindwa kuitoa asidi hiyo. Na pengine barua inahusu mtoto. Akipona koo lililouma, wiki chache baadaye kifundo kikavimba, kikapoa, kisha goti likavimba, huenda ni homa ya baridi yabisi, ambayo huyaacha maungio salama na kuziharibu vali za moyo. Moyo unaoshambuliwa huweza kunyamaza. Kifundo ndicho kinachoupigia kelele jirani asiyeamkiana naye.

Wapinzani watauliza: tarishi gani huyu mwenye neno moja kwa habari zote? Neno ni moja, kweli, lakini ni kama mzizi wa kitenzi cha Kiswahili. Maana imo katika viambishi. Vifundo viwili vilivyovimba polepole, bila joto wala maumivu makubwa, humtuma msomaji kwa moyo, figo, ini, au pakiti ya dawa, kwa kuwa amlodipini, dawa ya kawaida ya shinikizo la damu, huweza kuvimbisha miguu ya watu ambao moyo wao hauna kosa. Mguu mmoja uliovimba pamoja na shavu lake, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kulala kitandani siku nyingi, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya vena, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni huua. Kifundo kimoja chenye moto, pamoja na homa, huenda kina usaha ndani ya ungio, nao huila gegedu kwa siku chache. Hiyo ni barua ya kufunguliwa leo hii, hospitalini. Mjamzito aliyevuka wiki 20, akivimba ghafla mikono na uso pia huku kichwa kikimuuma, anaambiwa apimwe shinikizo la damu. Na mguu uliopinduka kwenye ngazi husema habari nyepesi zaidi: kano za upande wa nje zimevutwa au zimekatika. Kanuni iliyochapishwa mwaka 1992 na madaktari wa Ottawa, Kanada, humwuliza majeruhi wa namna hii mambo machache tu, kama mfupa unauma ukibonyezwa mahali fulani na kama anaweza kupiga hatua nne, kabla ya kuamua kumpeleka eksirei. Lugha inayoeleweka kwa hatua nne si lugha ya bubu.

Pingamizi la pili ni kwamba tarishi huyu ana fujo: kwa nini agonge mlango hadi nyumba nzima ikose usingizi? Tujiulize basi kama tungemfungulia angegonga polepole. Kano iliyochanika inahitaji kupumzishwa, na hakuna aliyewahi kumpumzisha Mswahili mwenye shughuli zake kwa barua ya upole. La tatu ni zito kidogo: kwamba pengine kifundo huja kimechelewa, kama katika matende, ambapo minyoo inayoletwa na mbu hukaa miaka kwenye mishipa ya limfu kabla mguu haujajaa. Lakini wahenga walishasema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba hauleti minyoo, ila wahenga hawakuwa mbali na kweli, kwani mguu wenye matende huzidi kuharibika vijidudu vinapoingia kupitia michubuko na nyufa za ngozi, na kuuosha kila siku kwa sabuni na maji, na kuukausha vizuri, hupunguza mashambulizi hayo. Barua ilikuwa ikifika kidogo kidogo. Aliyechelewa ni msomaji.

Hebu basi tutazame namna mshitakiwa anavyotibiwa anapopata mganga mwenye akili. Kifundo kilichoteguka hakichuliwi kwa nguvu siku ya kwanza. Hupumzishwa, huwekewa barafu iliyozungushiwa kitambaa, hufungwa bandeji, kisha huinuliwa juu ya mito hadi kiwe juu kuliko moyo. Kwa saa chache, kiungo kilichobeba mwili mzima kikiwa chini ya wote hukaa juu ya mfalme wao, na kwa amri ya daktari. Hiyo ndiyo heshima pekee ambayo dunia imewahi kukipa, nacho hakiombi zaidi ya hapo, isipokuwa jambo moja: kikishawekwa juu ya mto, mwenye nyumba akiulize kimetumwa na nani.