Picha Isiyokauka

Baba Kulwa alipokuwa mchoraji wa rangi za maji, ndoa yetu haikuwa na neno. Alfajiri aliteremka ufukweni na kisanduku chake, akachora Jiwe la Bismarck na ndege wake, na uji ukiwa bado wa moto alikuwa amesharudi na picha kavu mkononi. Rangi ya maji haina makuu: ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga. Maji yakishapaa, kazi imekwisha.

Balaa lilianza alipohamia kwenye rangi za mafuta. Hizo, akanieleza, hazikauki kwa kupoteza maji. Zinavuta hewa pole pole mpaka mafuta yenyewe yagande.

"Siku ngapi?" nikamwuliza.

"Inategemea, Mama Kulwa."

Nyumba yetu ya Mabatini imebanwa na mawe pande zote, vyumba viwili na sebule. Humo hakuna nafasi ya kitu kinachotegemea.

Halafu nikaanza kuona dumu langu la alizeti ya Singida linashuka na mimi sijakaanga kitu. Nikawashuku mapacha. Doto akaapa kwa jina la bibi yake, Kulwa akaanza kulia. Siku naipanga sebule ndipo nikaikuta sahani yangu ya bati nyuma ya kochi, imejaa bluu, na pembeni yake chupa ya dawa ya kikohozi yenye alizeti hadi shingoni. Kumbe mafuta ya kitani, yale wanayotumia wachoraji, dukani kwa Mangi hayapo.

"Alizeti nayo inakauka," akajitetea, "ila inachelewa kidogo kuliko kitani."

Kidogo! Picha ya mitumbwi ya soko la samaki la Mwaloni ilipanda juu ya kabati wakati wa vuli. Masika yalipoingia, ukigusa tanga kidole kilikuwa bado kinarudi cheupe.

Nikilalamika, ananiletea marehemu Sam Ntiro, Mchagga wa Machame aliyesomea uchoraji Makerere na London. Picha yake ya mafuta, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilichukuliwa na jumba la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Nami namrudishia Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi ya baiskeli kwenye hadibodi pale Dar es Salaam. Hiyo inakauka, na mkewe alikaanga samaki wake kwa amani.

Mama mkwe, tunayemwita Mayu, alipokuja kutoka Misungwi, ziwa nalo likaleta wageni wake. Jioni ile wadudu walinyanyuka majini kama moshi, wakafuata taa, na tulipofunga madirisha walikuwa wameshaingia. Asubuhi anga lote la Mwaloni lilikuwa limejaa mabawa, na mengine yalikuwa bado yanapepea. Kandokando ya ziwa hili wapo wanaowakaanga wadudu hao wakawala. Kwetu walikuwa wamejipeleka wenyewe kwenye mafuta.

Mayu hakuuliza mtu. Alichukua ncha ya khanga yake akapangusa, kama anavyopangusa meza. Anga likahamia kwenye khanga pamoja na nusu ya mtumbwi.

Tukamsubiri mwenye picha. Alisimama akatazama, akainama akatazama tena, kisha akasema mawingu sasa yamekaa vizuri.

"Si ni Mwaloni?" Mayu akamjibu. "Basi harufu tu ndiyo imebaki."

Tangu siku hiyo dumu la alizeti linalala chumbani, chini ya upande wangu wa kitanda. Nilidhani kesi imekwisha. Juzi nimemsikia Baba Kulwa dirishani akimwuliza Mangi kama mafuta ya pamba yameshafika.