Sifa za Mkaguzi wa Peramiho

Utumishi uliotukuka umezoea kutafutwa Dodoma, kwenye mihuri na viyoyozi. Lakini anayetaka kuuona kwa macho ukiwa kazini ashuke Songea, apande gari la Peramiho, safari isiyofika kilomita 25 kuelekea magharibi, kisha asimame asubuhi na mapema nyuma ya nyumba yoyote kati ya Peramiho na Lundusi. Atamkuta kuku wa kienyeji ameshaanza.

Kuku huyu hana barua ya ajira wala namba ya NIDA. Hajawahi kuhudhuria semina. Hata hivyo hakuna mkaguzi nchini anayemfikia. Jogoo hufungua ofisi kabla kengele ya abasia haijawaita watawa kwenye sala ya alfajiri, na mlango wa banda ukifunguliwa tu msafara unaondoka bila kusubiri gari, mafuta wala posho ya kujikimu. Kaya ya kwanza hukaguliwa jikoni: chungu kimefunikwa, au mwenye nyumba amezembea? Kaya ya pili hukaguliwa kichanja cha vyombo. Kaya ya tatu kuna mahindi yameanikwa kwenye turubai, na hapo ukaguzi huwa wa kina, punje kwa punje, kwa kuwa Ruvuma ni ghala la mahindi la taifa na mkaguzi anautambua uzito wa dhamana hiyo. Shimo la taka hupekuliwa hadi chini. Choo kisicho na mlango hakirukwi. Na kila anapopita huacha uthibitisho kwamba alifika: mbichi, katikati ya kibaraza, sahihi ambayo hakuna karani awezaye kuighushi.

Uadilifu wake ni wa namna ya pekee. Rushwa anapokea, tena hadharani, lakini haimpotoshi. Akishazila punje alizotupiwa aende zake, anaendelea kukagua palepale alipoishia. Afukuzwe, atarudi. Atupiwe kandambili, atarudi na wenzake. Cheo cha mtu hakimtishi: atapita kwa mtendaji wa kijiji kama anavyopita kwa mjane, na panapopikwa ugali wa mgonjwa jirani na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu naye hakosi kuchungulia. Mipaka ya vitongoji haimhusu. Watawa wa abasia, Wabenediktini, walifika Peramiho mwaka 1898, na mojawapo ya nadhiri zao ni kudumu katika monasteri ileile hadi kufa. Kuku amekuwa jirani yao kwa zaidi ya karne moja. Amewaona, amewaheshimu, na nadhiri hiyo hakuiweka.

Sifa zake nyingine zinatajika kwa pumzi moja. Daftari la shule likihitajika, jogoo huingia kwenye tenga akapanda basi la Songea. Mgeni akitokea bila taarifa, tetea hutoa roho bila kudai kifuta jasho. Mama kuku hutaga mayai kumi na kitu, huyaatamia siku 21 karibu bila kula, hutoka na vifaranga ambao mwewe atajichukulia nusu na kicheche atamalizia wengine, kisha huanza upya bila kuandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya.

Mwandishi wa sifa hizi ana bustani ya mchicha. Tuseme alikuwa nayo. Alipanda, ikakaguliwa. Akazungushia miba, ikakaguliwa kupitia juu. Akapanda tena, na siku mche wa kwanza ulipochomoza kulikuwa na kikao cha wakaguzi juu ya tuta, wanachakura kwa zamu, mmoja amejilaza kwenye udongo aliokuwa ameulainisha mwenye bustani kwa mikono yake. Akaenda kwa mama jirani kulalamika. Mama akamkaribisha vizuri, akampa kigoda, akamwambia, "Mwanangu, mchana hao si wangu. Wangu ni wale wanaolala hapa."

Kwa miaka mingi dola nayo haikumjua kuku mchana wala usiku. Ilimtambua ilipoogopa. Februari 2006 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa Nigeria, mara ya kwanza kwa kuku wa Afrika, na Tanzania ikawafungia mlango kuku na vifaranga wa kutoka nje. Januari 2017 Uganda ikatangaza virusi vya H5N8: ndege wa porini walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria maeneo ya Entebbe, na kuku na bata wa kufugwa wakafa Masaka. Ndege hao wa porini huja kila mwaka kutoka kaskazini ya mbali kukimbia baridi. Wanatua wapendapo, na hakuna kituo cha forodha kilichowahi kuwapekua.

Kwa kifaranga mambo ni mengine. Mwishoni mwa Oktoba 2017, kwenye mpaka wa Namanga, vifaranga 6,400 waliotokea Kenya walikamatwa wakiingizwa nchini. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 12.5. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 40 hivi, kwa hiyo adui mzima, akipangwa kwenye mizani, hakufika kilo 300. Dola ilimkabili kwa uzito wake wote: vifaranga waliteketezwa kwa moto, wakiwa hai, na ikaelezwa kwamba ni kuilinda nchi dhidi ya mafua ya ndege. Kenya haikuwa imetangaza mafua hayo. Tanzania nayo, kufikia siku hiyo, haikuwa imewahi kutangaza mgonjwa hata mmoja mwenye manyoya. Watetezi wa wanyama walipiga kelele, wakikumbusha kwamba nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Februari 2018 wakachomwa wengine 5,000 palepale Namanga. Hakuna atakayesema kwamba serikali ililala.

Kutoka Namanga hadi Peramiho ni zaidi ya kilomita elfu moja, na moshi haukufika. Kilichofika ni hofu pamoja na maelekezo yake, ambayo kitaalamu hayana kosa: kuku wafungiwe, wasichangamane na ndege wa porini, mgeni achovye viatu kwenye dawa kabla ya kuingia bandani, vifo vya ghafla vitolewe taarifa. England ilifanya hivyo kwa amri. Kuanzia Novemba 2022 hadi Aprili 2023 ilikuwa kosa la kisheria kuku kutembea nje, na tangu Oktoba 2024 kila mwenye kuku anatakiwa kumsajili serikalini, hata akiwa naye mmoja tu.

Mtu ajaribu kuwaza amri hiyo ikibandikwa kwenye mbao za matangazo za kijiji cha Maposeni, jirani na Peramiho. Usajili peke yake ungekula mwaka: mchana kuku si wa mtu, na jioni wengine wamelala juu ya mparachichi. Kuhusu ndege wa porini, kuku wa Peramiho hula sahani moja na njiwa na hua, hunywa dimbwi moja na korongo, na kumtenga nao ni sawa na kumfukuza kwenye ukoo. Viatu vichovywe, ila anayeingia bandani mara nyingi ni mtoto wa miaka sita, pekupeku, anafuata yai.

Gharama ndiyo inayomaliza ubishi. Kuku mkubwa hula gramu mia moja na kidogo kwa siku. Kuku kumi wakifungiwa watamaliza zaidi ya kilo moja kila siku, na debe la mahindi halitafika wiki tatu. Hapo dagaa na mashudu havijaguswa, wala wavu, misumari na nguzo. Akiwa nje, chakula hicho hujitafutia mwenyewe: mchwa, panzi, magamba ya mihogo, na mchicha wa watu. Ufugaji huu una faida kwa sababu moja tu, kwamba mlaji anajilisha. Mwenye kuku kumi akiambiwa awafungie miezi mitano ameambiwa, kwa lugha ya kiofisi, awachinje.

Wakati macho yote yakiwa Namanga, mdondo ulikuwa ndani ya nyumba. Haukuvuka mpaka wowote, haukuhitaji kibali. Kila kiangazi unapita, na wengine huuita kideri. Kuku anazubaa, mabawa yanaburuzika, anahara kijani, shingo inapinda mpaka anautazama mgongo wake mwenyewe. Banda ambalo halijachanjwa linaweza kubaki tupu ndani ya wiki moja au mbili. Dawa hakuna. Kinga ipo, tena haitoki ng'ambo: hutengenezwa Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Mbegu yake, I-2, ilitafutiwa Australia kwa makusudi ya kustahimili joto, ili ifike vijijini kusiko na friji. Kuku anashikwa, kichwa kinalazwa ubavu, tone moja linaangushwa jichoni, anasubiriwa apepese, anaachiwa. Dakika haiishi. Baada ya miezi mitatu, tone jingine.

Kwa nini basi haimfikii? Kwa sababu chupa ndogo inatosha kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi muda mrefu. Mwenye kuku wanane hawezi kununua chanjo ya kuku mia. Anahitajika mtu wa kuzikusanya nyumba kumi na tano, kupanga siku, kuleta chupa moja na kupita nayo. Mtu huyo ana jina, ana cheo, ana mwajiri: ni bwana mifugo. Na bwana mifugo mara nyingi ana vijiji kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta. Fedha ya kiberiti Namanga ilipatikana. Fedha ya lita tano za petroli inasubiri bajeti, na ikisubiri, mama mwenye kuku wanane anaamka asubuhi anakuta sita wamelala chali, na sare ya mtoto imelala nao.

Ubaya hauishii kwa huyo mama. Kwa macho, mdondo na mafua ya ndege havitofautiani. Kuku hufa ghafla, wengi kwa mpigo, na ni maabara tu iwezayo kusema kipi ni kipi. Ulinzi wote wa taifa dhidi ya mafua umeegemea mtu mmoja wa Peramiho atakayeona vifo si vya kawaida akanyanyua simu. Lakini vifo visivyo vya kawaida ndiyo kawaida yake. Amwambie nani, na kwa faida gani? Anachokitarajia ni karantini. Kwa hiyo jioni hiyohiyo wazima wanatiwa kwenye tenga, alfajiri wako kwenye basi la Songea, na aliyeanza kuzubaa anaishia kwenye sufuria. Kama ni mafua, yameshafika stendi.

Jambo hili si la kinadharia kwa mkoa unaopakana na Msumbiji. Oktoba 2023 Msumbiji ilitangaza mafua makali ya ndege kwenye shamba la kuku wa mayai huko Morrumbene, mkoa wa Inhambane, lenye kuku wapatao 45,000. Inhambane ni kusini sana na Mto Ruvuma uko mbali nayo. Uganda nayo ilikuwa mbali.

Haki itendeke: Juni 2025, Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya chanjo ya mifugo ya nchi nzima. Ng'ombe akapewa ruzuku na kuvalishwa hereni. Kuku, ambaye hajawahi kupewa na serikali hata punje, akatangaziwa chanjo ya bure. Kwa wenye kumbukumbu za Namanga hiyo ilikuwa hatua ndefu kuliko umbali wa barabara.

Imebaki kero ndogo ya ratiba. Ofisi ya umma, ya bwana mifugo ikiwemo, hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri. Muda wote huo kuku wa kienyeji yuko safarini, kaya kwa kaya, na kumkamata mmoja kunahitaji watoto watatu na uchochoro usio na upande wa pili. Hurudi bandani saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapo ndipo anaposhikika bila mbio, ndipo pia anapokuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Mmoja kati ya watumishi hawa wawili itabidi asogeze saa zake, na kuku ameshakataa.