Taa ya Nyuma na Jini la Feri

Hapana baraza katika Mji wa Kale wa Mombasa isiyokuwa na mtu wake anayejua kila jambo, na ile ya upande wa Kibokoni, hatua chache kutoka lilipo dele la muuza kahawa, imejaaliwa wawili: Bwana Mjuzi, ambaye hajapata kutamka neno "sijui" tangu alipobaleghe, na Maalim Mstaafu, ambaye akilazimika kulitamka hulisema kwa Kiarabu. Fauka ya hao yupo Fundi, mtu wa maneno haba aliyezeekea katika nyaya za magari, ambaye aghalabu haulizwi neno mpaka wenziwe wamekwisha kukosea. Jioni moja ya baada ya masika, walipokuwa wakiilaumu bei ya nazi kama ilivyo ada yao, lilisimama mbele yao gari la Bwana Likoni, Peugeot 504 kuukuu, wa ukoo ule ule ulioshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na mwenyewe akashuka uso umemkunjamana.

"Salaam alaykum, jamani. Nimesimamishwa na askari, ananiambia taa yangu ya nyuma ya kulia imekufa, ilhali mimi naitilia globu mpya kila mwezi! Na ajabu iliyoje, nikikanyaga breki taa ile haiwaki, bali indiketa ya mbele, ambayo wala sikuiita, ndiyo inayochungulia kwa mwanga hafifu."

"Basi hilo si jambo la umeme," akasema Bwana Mjuzi, akikitua kikombe chake kwa utaratibu wa kadhi anayetaka kuhukumu. "Gari hili huvuka Likoni asubuhi na jioni. Pale katikati ya mlango wa Kilindini limepandwa na jini, nalo limevuka bure kama wavukavyo watu wa miguu."

"Astaghfirullah!" akasema Maalim. "Yakhe, sababu ni chumvi. Upepo wa bahari huichukua, unyevu ukaiyeyusha, na pahala palipogusana shaba na chuma madini moja huanza kumla mwenziwe, hata ukaona kutu ya kijani upande huu na kutu nyekundu upande huu."

"Kuna anayekula na kuna anayeliwa. Sasa mimi nimesema nini?"

Fundi akamaliza kahawa yake, akajipangusa, akaliendea gari. Kwanza aliamuru taa zizimwe na ncha ya hasi ya betri ifunguliwe. Kisha akalegeza skrubu za kioo chekundu, na kilipotoka tu yakamwagika maji machafu kiasi cha kikombe, kwa kuwa raba ya kuzuia mvua ilikuwa imekauka na kupasuka zamani. Globu ilikataa kuzunguka mpaka iliposhikwa kwa kitambaa na kubembelezwa, na ilipong'oka ikatoka na kijikaratasi cha fedha, kile kinachofungiwa sigara, kimekunjwa vizuri na kusokomezwa chini yake.

"Nani aliyetia hiki?"

Bwana Mjuzi akainua macho kuutazama mnara wa msikiti, kana kwamba haujapata kuwapo pale kabla ya jioni ile.

"Globu hii," akaendelea Fundi, "ina nyuzi mbili, mmoja wa wati 5 wa taa ya usiku na mmoja wa wati 21 wa breki, na chini yake zipo chuchu mbili za risasi, kila moja na njia yake. Karatasi hii ikiziunganisha, ukikanyaga breki umeme unaingia pasipo pake, na fyuzi ikiungua utamlaumu aliyeiuza. Hata vipini vya ubavuni havikulingana kimo, makusudi ili mtu asiitie kinyume."

"Mimi niliitia kinyume, ikaingia."

"Najua. Nauona ufa."

Bwana Likoni akataka kujua habari ya indiketa. Fundi akamwonyesha skrubu moja nyuma ya taa, ile inayoufunga waya wa ethi kwenye bodi ya gari, nayo ilikuwa imevimba kutu mfano wa jipu. Umeme, alisema, haufanyi kazi kwa kwenda tu, sharti upate na pa kurudi. Na njia ya kurudi ikizibwa na kutu, hufanya kama msafiri aliyekuta feri imekwama, akaamua kuzunguka kwa Dongo Kundu. Hupita katika uzi wa breki, ukarudi kinyumenyume katika uzi wa indiketa ya nyuma, ukaenda mpaka wa indiketa ya mbele, na huko ndiko upatako ethi iliyo nzima. Volti 12 zilizokuwa haki ya mmoja zinagawanywa kwa watatu, kila mmoja akapata takriban 4, basi hapana hata mmoja anayewaka kwa heshima.

"Subhanallah," akasema Maalim, "hii ni mirathi."

Zikatakwa ndimu, na muuza kahawa akazitoa, zile alizonunuliwa mkewe za kutilia samaki. Maji yake yakapakwa kwenye soketi yakaachwa yaile kutu ya kijani, kisha yakaoshwa kwa maji matamu na pakakaushwa barabara, kwani uchachu ukibaki utaendelea kula na shaba yenyewe. Bwana Mjuzi alileta waya wa kusugulia masufuria, ukakataliwa kwa kuwa vinyweleo vyake hukatika na kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Badala yake Fundi alizungushia kijiti kipande cha msasa laini, akasugua mpaka shaba ikacheka. Vilimi viwili vilivyolala kwa uchovu wa miaka akaviinua kwa ncha ya bisibisi vipate kuibana globu. Chini ya skrubu ya ethi alikwangua rangi na kutu hata chuma kikatoka cheupe, akakaza, ndipo akapaka Vaselini juu yake, kwa hoja kwamba anayepaka kwanza huenda akakaza mafuta badala ya chuma.

Betri ikafungwa, ufunguo ukazungushwa, na Bwana Mjuzi akaomba apewe angalau kazi ya kukanyaga breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

Kiza. Fundi akaifungua globu, akaitazama, akairudisha.

"Kanyaga tena!"

"Nimekanyaga hata chini kabisa!"

Muuza kahawa akachungulia dirishani. "Mzee, samahani, hiyo ni klachi."

Mguu ukahamishwa, na taa ikawaka nyekundu hata paka aliyelala kizingitini akaondoka. Bwana Likoni alipouliza ujira, Fundi alimtaka anunue raba mpya ya kioo kabla ya mvua za vuli, na kwanza arudishe ndimu za watu.

Punde akapita kijana aliyetoka kuswali magharibi, akauliza gari lile lilikuwa na nini.

"Tumehangaika nalo tangu alasiri," akajibu Bwana Mjuzi, akilinyoosha goti lake. "Mashaka yote yalikuwa kwenye breki, na breki nilikuwa nayo mimi."