Namna ya Kukaa na Beberu Bila Kuhama Mtaa

Kwanza kubali kwamba umeshanunua. Ulipomwona mnadani alikuwa kijana wa miezi mitatu, manyoya yanang'aa, ananuka maziwa ya mama yake. Muuzaji alikuhakikishia kuwa huyu ni mbegu safi ya Toggenburg na mabinti zake watajaza ndoo. Yote hayo yanaweza kuwa kweli. Jambo ambalo hakuligusa ni mwezi wa tano wa umri wake, na wewe hukuuliza, kwa hiyo hakuna aliyedanganya.

Mwezi wa tano ukikaribia, utasikia harufu bandani na utadhani ni samadi. Utazoa samadi. Harufu itabaki, sasa ikiwa na nafasi zaidi. Hapo ndipo mafunzo yanapoanza.

Chanzo cha kwanza ni tezi zilizo nyuma ya mashina ya pembe, zinazotoa mafuta yenye harufu nzito. Chanzo cha pili ni bidii yake mwenyewe. Beberu anapotaka kupendeza, hujikunja, akajilenga, akajinyunyizia mkojo ndevuni, kifuani na kwenye miguu ya mbele. Kisha hukunja mdomo wa juu, akatazama mbinguni kama shehe anayetafuta mwezi mwandamo. Usimkaripie. Kwa viwango vya majike wake, ametoka kuoga.

Wewe lakini utataka kumwogesha kwa njia yako, na mwongozo huu haukukatazi. Tafuta sabuni ya mche, maji ya uvuguvugu na kijana mwenye nguvu wa kushika pembe. Mnyoe ndevu, manyoya ya tumbo na ya miguu ya mbele, kwa sababu hayo ndiyo yanayohifadhi mkojo, na hatua hii inasaidia kweli. Msugue, msuuze, mwanike juani. Atatoka ananukia vizuri, atajinusa, atashtuka, na kabla jua halijazama atakuwa amejirudishia heshima yake. Tezi ziko chini ya ngozi. Sabuni inaishia juu. Daktari wa mifugo anaweza kuzichoma wakati anapochoma vichipukizi vya pembe, mtoto akiwa bado mchanga sana, na harufu hupungua. Hupungua tu. Ule mkojo hauna daktari.

Wapo watakaokushauri umhasi. Ushauri mzuri mno: ndani ya wiki chache harufu itafifia, na utabaki na mnyama mpole, msafi, mla majani, asiye na kazi yoyote nyumbani kwako.

Maana harufu ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walitoa taarifa ya jaribio ambalo mabeberu walivishwa kofia maalumu za kunasa hewa ya vichwani mwao. Humo walipata kemikali iitwayo 4-ethiloktanali, ambayo mbuzi waliohasiwa hawakuwa nayo, na wakaonyesha kuwa jike akiinusa, sehemu ya ubongo inayoendesha homoni za uzazi huamka. Sasa shika hili: kemikali hiyo yenyewe hunukia kama machungwa. Ikikutana na hewa, hugeuka kuwa asidi, na hiyo asidi ndiyo inayokusubiri mlangoni. Kwa maneno mengine, beberu wako anatoa machungwa. Hewa ya mtaa wenu ndiyo inayomharibia jina.

Ndiyo maana wafugaji wenye akili hawamfungi pamoja na majike mwaka mzima. Jike aliyetengwa naye kwa wiki kadhaa, akikutanishwa naye ghafla, mara nyingi huingia joto ndani ya siku chache. Ukiwachanganya daima, wanamzoea, nawe unapoteza mtambo uliokuwa unaendeshwa bure.

Basi mjengee banda lake. La kichanja ni bora, sakafu ya mbao zenye mianya ili mkojo udondoke chini usitengeneze bwawa, na chini umwage maranda ya mbao uyabadilishe mara kwa mara. Banda hilo likae wapi? Ukiwa pwani, Tanga tuseme, swali hili linahitaji elimu ya nahodha. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili, basi, zinaelekea bara. Liweke banda upande wa magharibi wa kiwanja, mbali uwezavyo, na nyumba yako itakuwa salama misimu yote miwili. Wakati wa kaskazi beberu atakuwa wa jirani wa kusini magharibi. Kusi ikiingia, atahamia kwa jirani wa kaskazini magharibi. Huo ni mgawanyo wa haki ambao hata serikali ya mtaa isingeuweza. Tatizo ni upepo wa umande, unaotoka bara usiku kuelekea baharini. Saa kumi alfajiri, beberu ni wako.

Mzee wa jirani atakuja. Atakuja kwa adabu, atabisha hodi, utampa shikamoo, ataitikia marahaba, ataulizia watoto mmoja mmoja. Kisha atasema: "Mwanangu, nadhani kuna panya amefia darini kwangu." Mwongozo unashauri ulete ngazi. Mkatafute wote. Ukishuka, mpelekee chupa ya maziwa, na kila wiki uendelee kumpelekea.

Lakini maziwa hayo yawe yanayonyweka. Maziwa hushika harufu upesi, na mbuzi anayelala na beberu hutoa chai yenye historia. Kamua kwanza, kisha ndiyo umhudumie beberu, siyo kinyume chake. Osha kiwele na mikono, tumia ndoo yenye mfuniko, chuja, poza maziwa mara moja. Uwe na ovaroli na buti za bandani tu, ukiziacha nje, zitundikwe mahali ambapo hata mwizi atafikiri mara mbili. Usidanganyike kwamba udi utaficha kitu. Udi na beberu havifutani. Vinaoana, na mtoto wao hana jina.

Kuna hata kifaa unachoweza kukipata kwa beberu bila gharama. Chukua kitambaa kikuukuu, msugue nacho kichwani nyuma ya pembe, kifungie kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana. Mfungulie jike kopo hilo anuse. Akitikisa mkia, akalia na kung'ang'ania kopo, yuko kwenye joto. Akikupa mgongo, jaribu tena kesho, kwa kuwa joto hurudi kila baada ya siku 18 hadi 22 na huenda likadumu siku moja au mbili tu. Kopo lisikae jikoni, hasa karibu na achari. Liandikwe kwa herufi kubwa, kwa manufaa ya wageni.

Sasa ile siri ambayo wauza mabeberu hawaipendi: mwenye majike wawili hahitaji beberu. Dume mmoja hutosha majike zaidi ya 20. Kule Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ambako mbuzi wa Norwei waliletwa miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, na kule Meru nchini Kenya walikofugwa machotara wa Toggenburg, vikundi vya wafugaji vilijua zamani kwamba inatosha nyumba moja kubeba mzigo, wengine walete majike. Dume hubadilishwa na wa kikundi kingine kabla mabinti zake hawajakua; bila hivyo atakuwa baba na babu wa watoto walewale.

Kwa hiyo mwuze, au mkabidhi kikundi, umtafute huyo mtunza beberu. Utamtambua kwa mbali, hasa ukiwa upande upepo unakoelekea. Mheshimu, maana amejitolea kunuka kwa niaba yenu. Peleka jike akiwa kwenye joto, mwache apandwe zaidi ya mara moja, kisha hesabu. Asiporudia joto ndani ya wiki tatu, tegemea watoto karibu siku 150 tangu apandwe. Akirudia, utampeleka tena, na suala la kama safari hiyo ya pili inalipiwa nzima, nusu au bure mlimalize mapema, barabarani, kabla mlango wa banda haujafunguliwa. Baada ya hapo hutaweza kusimama pale ukijadili bei.