Jina Moja, Mabwana Watatu

Kiwango cha ISO 9660, kilichotolewa mwaka 1988, kilikusudiwa kuifanya diski ya CD isomeke kwenye kompyuta yoyote. Ili pasiwe na wa kulalamika, ngazi yake ya kwanza iligawa umaskini kwa usawa: jina la faili lisizidi herufi nane, kisha nukta na herufi tatu, tena herufi kubwa tupu, tarakimu na mstari wa chini. Hivyo “Bajeti ya Harusi, Toleo la Mwisho Kabisa” ilifunga ndoa kwa jina la BAJETI_Y.DOC.

Waliochoka kubanwa walijitafutia mlango wa uani. Microsoft ilileta Joliet, yenye nafasi ya herufi 64. Watu wa Unix wakashika Rock Ridge, inayotunza herufi kubwa na ndogo pamoja na ruhusa za faili. Faili ikabaki moja, majina yakawa mawili au matatu.

Miiko nayo haikwisha. Windows haitaki nukta pacha, nyota wala alama ya kuuliza, na hairuhusu faili kuitwa CON au AUX, majina ya vifaa yaliyorithiwa tangu enzi za DOS. Mac za zamani zilikataa nukta pacha lakini zikaukubali mkwaju. Linux huukataa mkwaju, hupokea karibu kila kitu kingine, na huona Ripoti na RIPOTI kuwa faili mbili. Windows, kwa kawaida, huona moja.

Anayetaka kusomeka kote atumie jina fupi la herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini. Alama ya kuuliza abaki nayo mwenyewe, ataihitaji.