Muulize Mjomba: Bosi Asemaye "Sisi ni Familia"

Wiki hii barua ni nyingi na kilio ni kimoja: wakubwa wa kazini. Nimezisoma katika hoteli moja hapa Keroka, mji uliokaa mpakani, ukivuka barabara tu umetoka Kisii umeingia Nyamira. Mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati, niliagiza chai ya pili nikashika kalamu.

Mjomba, nauza katika duka moja kubwa mjini Kisii. Kila Jumatatu bosi anatukusanya, anaomba, kisha anasema, "Hapa sisi ni familia moja." Saa tano usiku anatuma amri kwenye kundi la WhatsApp, na asiyejibu anaitwa ofisini. Nikitaja likizo naambiwa familia haichoki. Nifanyeje?
*Mtoto wa Kambo, Kisii*

Mtoto wa Kambo, bosi wako amesahau kwamba anaongea na Wagusii. Kwetu familia si wimbo. Familia ni baba kusimama shambani mbele ya wazee na kumwonyesha kila mwana mpaka wake: kuanzia hapa hadi kwenye ule mgomba. Jumatatu ijayo, baada ya amina, inua mkono umuulize kwa heshima: "Baba, kipande changu ni kipi?" Akibaki kukohoa, mtoe wasiwasi. Mwambie hukuja kudai urithi, umekuja kudai likizo.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku za likizo zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila unapotimiza miezi 12. Inakupa pia angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Omba kwa barua, ubaki na nakala. Ombi la mdomo husahaulika kabla bosi hajafika kwenye gari lake. Nazo zile amri za saa tano usiku usizifute. Leo zinakukosesha usingizi, kesho huenda zikawa ushahidi.

Mjomba, wenzangu walinituma niulize malipo ya saa za ziada. Nikauliza mkutanoni. Jioni meneja akapiga simu: "Kesho usije." Sasa hata hao walionituma hawapokei simu zangu.
*Msemaji Wao, Nyamira*

Pole, Msemaji. Wenzako walikutanguliza mtoni wapime kina kwa miguu yako. Wewe shika nambari moja tu: 41. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukufuta kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na akusikilize ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. "Kesho usije" si sababu kwa lugha yoyote, hata Kigusii. Ukifungua Katiba ya 2010 utaikuta 41 nyingine: ibara hiyo inampa mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma.

Andika tarehe na saa ya ile simu, kisha nenda kwa afisa wa leba. Ukipata kazi nyingine, tafuteni chama kwanza ndipo mtafute msemaji. Swali lililobebwa na watu arobaini halina wa kufutwa peke yake.

Mjomba, nina mashina ya chai huku vilimani. Naambiwa mimi ni mwenye hisa katika kiwanda. Lakini bonasi ikitoka, wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga wanasherehekea, mimi narudia kusoma ujumbe nikidhani nimeruka tarakimu. Wakubwa wakipita na gari, mwenye kiwanda ndiye anayerukiwa na matope. Nani bosi hapa?
*Tajiri wa Matope, Nyamira*

Bosi ni wewe, Tajiri, na ndiyo maana inauma zaidi. Viwanda vya wakulima wadogo, kuanzia Nyamache hadi Sanganyi, ni kampuni za wakulima wenyewe. KTDA, iliyobinafsishwa mwaka wa 2000, ni meneja anayelipwa ada kwa chai yako. Wakurugenzi mnawapigia kura nyinyi.

Ni kweli chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko yetu katika mnada wa Mombasa, na hilo halitatuliwi kwa kelele. Lakini kuni za kiwanda zimegharimu kiasi gani? Mikopo je, na riba yake? Hayo yana mwenyewe wa kujibu. Basi niambie: katika mkutano mkuu uliopita, uliuliza lolote, au ulikaa karibu na mlango ili soda isikupite?

Barua ya mwisho haikuja kwa posta. Niliikuta chini ya mlango wangu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, pembeni ina alama nyeusi za vidole vilivyokolea utomvu wa majani chai.

Mzee, nachuma chai katika shamba lako tangu mwaka juzi. Kilo zangu unaandika kwenye daftari lako, mimi sina nakala. Malipo ya mwezi uliopita unasema tungoje bonasi. Nipe ushauri.
*Unanijua*

Ninakujua. Chai ya tatu ilipoa nikitafuta jibu. Nilitaka kukuandikia kwamba mimi na wewe ni kama familia, nikaona mgomba wa mpakani ukinitazama. Jumamosi nimekutumia pesa zako zote kwa M-Pesa, nami bonasi nitaingoja peke yangu. Madaftari sasa ni mawili, moja linakaa kwako.

Kuhusu likizo, mchumaji wangu ameomba kwa barua, na nakala amebaki nayo.